Max Theiler, Aliyeishinda Homa ya Manjano

Wengi wetu tuliozaliwa katika nyumba zenye ng'ombe tunaujua ugonjwa wa ndigana. Wakati wa likizo iliyopita ndama watatu wa babu yangu walivimba matezi ya shingo, wakashikwa na homa kali, wakahema kwa shida, na kabla ya juma kwisha wakafa wote watatu. Niliporudi shuleni nilifungua kitabu cha elimu ya viumbe, nikaona ya kuwa kijidudu kinachoua ng'ombe wetu huitwa Theileria parva. Nikamwuliza mwalimu neno hilo ni la lugha gani. Akanijibu kwamba si neno la lugha yo yote, bali ni jina la mtu, Arnold Theiler, daktari wa wanyama aliyetoka Uswisi akaja kufanya kazi Afrika ya Kusini. Kisha akaniambia nisiishie hapo, maana mzee huyo alikuwa na mtoto wa kiume ambaye kazi yake imeingia katika mikono ya watu wengi kuliko ya baba yake, nami huenda ninayo alama yake katika mkono wangu. Habari za mtoto huyo ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Max Theiler alizaliwa Pretoria tarehe 30 Januari mwaka 1899, naye alikuwa kitinda mimba wa watoto wanne. Baba yake, Arnold, alikuwa amefika Afrika ya Kusini mwaka 1891, akapoteza mkono wa kushoto katika mashine ya shambani, lakini kwa mkono mmoja uliobaki akapigana na sotoka iliyofagia ng'ombe wa nchi ile mwaka 1896 na 1897. Mwaka 1908 akafungua nyumba kubwa ya uchunguzi wa magonjwa ya wanyama mahali paitwapo Onderstepoort, karibu na Pretoria. Basi Max alikulia katikati ya darubini, zizi na chupa za damu. Tukumbuke pia, bila ya kumlaumu mtoto, ya kuwa alizaliwa katika nyumba ya Kizungu. Vijana Waafrika wa rika lake waliokuwa wakichunga ng'ombe hao hao hawakufunguliwa milango aliyofunguliwa yeye.

Alisoma mwaka mmoja katika chuo cha Rhodes huko Grahamstown, kisha akaingia mafunzo ya utabibu Cape Town. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha alivuka bahari mwaka 1919 kwenda London kumaliza masomo yake. Huko alikutana na jambo ambalo lingeweza kumvunja moyo kijana ye yote. Chuo Kikuu cha London hakikuyahesabu masomo aliyoyapata Cape Town, na kwa hiyo hakuweza kupata shahada ya udaktari ya chuo kikuu. Hata hivyo aliendelea kusoma katika hospitali ya St Thomas's, akajifunza pia maradhi ya nchi za joto, na mwaka 1922 akafaulu mitihani ya vyama vya matabibu na wapasuaji wa Uingereza, ambayo ilimpa ruhusa ya kutibu. Tangu siku hiyo mpaka kufa kwake hakupata kusomea shahada ya juu. Wenzangu mnaolala macho wazi kwa hofu ya mitihani, jambo hili lisiwafanye mwache vitabu, maana Theiler alisoma sana maisha yake yote. Ila lijueni, kwamba karatasi na maarifa ni vitu viwili.

Mwaka huo huo wa 1922 alikwenda Marekani, katika mji wa Boston, kufanya kazi katika idara ya maradhi ya nchi za joto ya Chuo Kikuu cha Harvard. Mwanzoni alichunguza kuhara damu kunakoletwa na amiba na homa ya kuumwa na panya. Baada ya hapo akageukia homa ya manjano, na humo ndimo alimokaa karibu maisha yake yote.

Inafaa nieleze kwanza homa hiyo ni kitu gani. Mtu akishikwa nayo huumwa kichwa na mgongo, hupata joto kali na kutapika. Wengi hupona baada ya siku chache. Lakini wengine, baada ya kupata nafuu ya muda mfupi, homa huwarudia kwa nguvu, macho na ngozi huwa rangi ya manjano kwa sababu ini limeharibika, damu hutoka katika fizi na puani, matapishi huwa meusi, na wengi wa hao hufa. Wataalamu wanaamini kuwa asili yake ni misitu ya Afrika, nayo ilivuka bahari pamoja na mbu katika mapipa ya maji ya merikebu zilizochukua watumwa. Huko Amerika iliua watu maelfu kwa maelfu. Wafaransa walipojaribu kuchimba mfereji wa Panama katika miaka ya 1880, homa hii pamoja na malaria zilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za kushindwa kwao.

Mwaka 1881 Carlos Finlay, tabibu wa Cuba, alisema kuwa homa hii huchukuliwa na mbu, na watu wengi hawakumsadiki. Mwaka 1900 Walter Reed na wenzake wakathibitisha huko huko Cuba kwamba Finlay alisema kweli. Wakaona pia ya kuwa kitu kinacholeta ugonjwa ni kidogo mno hata hupita katika kichujio kinachozuia bakteria. Siku hizi kitu cha namna hiyo twakiita kirusi.

Hapo ndipo anapoingia katika habari yetu mtu mwingine mashuhuri, Hideyo Noguchi, Mjapani aliyezaliwa katika nyumba maskini mwaka 1876, na ambaye mkono wake wa kushoto uliungua motoni alipokuwa mtoto mchanga. Noguchi alikuwa mwenye bidii isiyo na kifani. Aliandika karibu makala 200 za elimu, na sifa yake ilienea dunia nzima. Mwaka 1918 alikwenda Ecuador, na baada ya muda mfupi akatangaza kuwa amekipata kijidudu cha homa ya manjano. Alisema si kirusi bali ni bakteria mwembamba aliyejipinda kama waya, akampa jina la Leptospira icteroides, kisha akatengeneza na dawa ya kuchanja. Kwa kuwa jina la Noguchi lilikuwa kubwa, madaktari wengi waliipokea habari hiyo, na chanjo yake ikatumiwa katika nchi kadhaa.

Theiler alikuwa kijana wa miaka 27 tu, hana jina wala shahada. Pamoja na mkubwa wake wa kazi, Andrew Watson Sellards, alikilinganisha kijidudu cha Noguchi na kijidudu cha ugonjwa wa Weil, ambao ni ugonjwa mwingine wa ini unaoenezwa na mkojo wa panya. Walitumia damu ya wanyama waliokwisha pata kinga ya kimoja, wakaona kuwa kinga hiyo huua na cha pili pia. Maana yake ni kwamba vijidudu hivyo havikuwa viwili, vilikuwa kimoja. Noguchi aliwachunguza wagonjwa wa Weil akidhani ni wa homa ya manjano. Mwaka 1926 Theiler na Sellards wakaichapa habari hiyo. Makala yao ilikuwa fupi wala haikuwa na maneno ya kumdharau mtu, lakini iliibomoa nyumba nzima iliyojengwa kwa miaka saba.

Nimelifikiri sana jambo hili. Ingekuwa rahisi kwa kijana kunyamaza. Tena makala mia mbili mbele ya makala moja, nani asingeogopa? Lakini katika elimu maandishi hayashindani kwa kurundikwa. Neno moja lililopimwa vizuri hushinda kurasa elfu ambazo hazikupimwa.

Wala tusimcheke Noguchi. Kazi yake nyingine ilikuwa ya kweli na ya maana. Mwaka 1913 yeye na mwenzake walikiona kijidudu cha kaswende ndani ya ubongo wa watu waliopatwa na wazimu wa kupooza, na jambo hilo linakubaliwa mpaka leo. Tena aliposikia kwamba wengi wanamkanusha, hakukaa kitini kutoa hoja. Mwaka 1927 alikwenda mwenyewe Accra, Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, kuutafuta ukweli. Huko homa ya manjano ikamshika, akafa tarehe 21 Mei mwaka 1928. William Young, daktari Mwingereza aliyemsaidia, akafa kwa homa ile ile siku chache baadaye. Leo huko Ghana iko nyumba kubwa ya uchunguzi wa maradhi yenye jina la Noguchi.

Tukirudi nyuma kidogo, mwaka 1927 kundi la madaktari wa Rockefeller Foundation lililokuwa Lagos lilikuwa limepata lililotafutwa. Katika mji wa Kpeve, Gold Coast, palikuwa na kijana Mwafrika wa miaka 28 jina lake Asibi, aliyekuwa na homa ya manjano isiyo kali. Wakatoa damu yake kidogo, wakamdunga kima aliyeletwa kutoka Bara Hindi. Kima yule akaugua. Wakapitisha ugonjwa kutoka kima mmoja hadi mwingine, na hawakuona bakteria wo wote. Basi ikawa wazi kuwa ni kirusi. Asibi alipona. Lakini Adrian Stokes, aliyeiongoza kazi ile, aliambukizwa, akafa mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Ndugu msomaji, likumbuke jina la Asibi, maana tutalirudia.

Sasa kirusi kimepatikana, lakini kazi ikawa nzito. Kima wa Bara Hindi walikuwa ghali, ilibidi waletwe kwa meli, na mchunguzi asingeweza kuwa na wengi. Theiler akafikiri kutumia panya weupe, ambao ni rahisi na huzaana upesi. Wengine walikwisha wadunga panya chini ya ngozi, wasione kitu. Theiler akawadunga kirusi ndani ya ubongo. Panya wakafa. Alipowapasua aliona ini lao ni zima, ila ubongo ndio ulioharibika. Wako waliosita kusadiki, kwa kuwa homa ya manjano ilijulikana kuwa ugonjwa wa ini. Theiler akaonyesha kwamba damu ya mtu aliyepona homa ya manjano ikichanganywa na kirusi kile, panya hafi. Jambo hilo lilithibitisha kuwa kirusi kilichomo ubongoni mwa panya ndicho kile kile. Yeye mwenyewe aliambukizwa katika kazi hiyo mwaka 1929, akaugua, akapona, na baadaye akawa na kinga. Habari ya panya ilichapwa mwaka 1930 katika gazeti la Science. Ilikuwa makala fupi sana, lakini nathubutu kusema ya kuwa ni chache zilizowahi kuzaa matunda mengi kama hiyo.

Tunda la kwanza lilikuwa kipimo. Ukitaka kujua kama homa ya manjano imepata kufika katika nchi fulani, huna haja ya kungoja watu wafe. Chukua damu ya wenyeji, ichanganye na kirusi, wadunge panya. Panya akiishi, mwenye damu ile alikwisha patwa na homa hiyo, hata kama hakumbuki. Kwa njia hiyo katika miaka ya 1930 wataalamu walichora ramani ya ugonjwa huu, wakastaajabu kuona kuwa umeenea kimyakimya katika Afrika mpaka sehemu za kwetu, ambako hakuna aliyedhani kuwa upo.

Kwa ajili ya hayo mwaka 1936 ilifunguliwa nyumba ya uchunguzi wa homa ya manjano huko Entebbe, Uganda. Waliofanya kazi humo walitumia njia ya Theiler ya kudunga ubongo wa panya, wakawa kama wavuvi waliotega wavu kwa ajili ya samaki mmoja wakavua wa kila namna. Mwaka 1937 walipata kirusi kipya katika damu ya mwanamke wa wilaya ya West Nile, nacho kikaitwa kwa jina la wilaya ile. Miaka kumi baadaye, mwaka 1947, walipata kingine katika damu ya kima aliyewekwa juu ya miti ya msitu wa Zika, karibu na ziwa. Semliki na Bunyamwera pia ni majina ya mahali pa Uganda yaliyokuwa majina ya virusi kwa njia hiyo. Na homa iliyozuka kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, ambayo Wamakonde waliiita chikungunya, yaani inayomkunja mtu, kirusi chake kilipatikana kwa kudunga panya vile vile. Nyumba ya Entebbe ingali ikifanya kazi, na tangu mwaka 1977 huitwa Uganda Virus Research Institute. Basi tukiulizwa mvuto wa makala ya mwaka 1930, jibu limo ndani ya misitu yetu wenyewe.

Tunda la pili lilikuwa chanjo, nalo lilichelewa kuiva. Mwaka 1930 Theiler aliondoka Boston akaenda New York, kufanya kazi katika maabara ya Rockefeller Foundation. Alikuwa ameona kwamba kirusi kikipitishwa mara nyingi katika ubongo wa panya hupungua ukali wake kwa ini la kima. Lakini kilizidi kuwa hatari kwa ubongo. Wafaransa walikitumia kirusi cha namna hiyo kuchanja watu wengi sana katika Afrika ya Magharibi, na kweli homa ya manjano ikapungua mno huko. Lakini watoto wengine waliugua ubongo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 chanjo hiyo ikakomeshwa. Theiler alitaka kirusi kisichodhuru ini wala ubongo.

Yeye na wenzake, akiwamo Wray Lloyd na mama mmoja aitwaye Nelda Ricci, walikichukua kirusi kilichotoka katika damu ya Asibi wakakipanda katika chupa zenye vipande vya mwili wa kipanya kisichozaliwa. Baada ya muda wakakihamishia katika vipande vya kifaranga kilichokuwa bado ndani ya yai, na mwishowe katika vipande vya kifaranga ambacho ubongo na uti wa mgongo wake umeondolewa, ili kirusi kisahau kuishi katika ubongo. Kila baada ya siku chache walikitoa chupa moja wakakitia katika nyingine. Fikirini kazi hiyo: chupa, siku chache, chupa nyingine, siku chache, mara kumi, mara hamsini, mara mia. Majaribio yalikuwa mengi, na kila moja lilikuwa na namba yake. La namba 17, tawi la D, ndilo lililobadilika. Walipolipima katika kima na panya baada ya kulihamisha zaidi ya mara 170, waliona kirusi kimekuwa mpole, hakiharibu ini, na hata kikitiwa ubongoni mwa kima hakimwui. Walipopima chupa walizoziweka akiba, waligundua kuwa mabadiliko yalitokea baina ya mara ya 89 na ya 114, wala hapakuwa na mtu aliyeyaona yakitokea.

Theiler alijaribu tena kufanya vile vile ili apate kirusi kingine kama kile, asiweze, na jambo hilo hakulificha. Mtu mwenye kiburi angejifanya kuwa alijua njia yote tangu mwanzo. Sababu yenyewe ilianza kuonekana katika miaka ya 1980, wataalamu walipoweza kuisoma ile hati iliyomo ndani ya kirusi, yenye kitu kama herufi karibu 11,000. Walipolinganisha kirusi cha Asibi na 17D waliona tofauti ya herufi 68 tu. Hizo chache ndizo zinazotenga kifo na kinga.

Mwaka 1937 Theiler na Hugh Smith walitoa makala yao juu ya kuchanja watu kwa kirusi 17D, na mwaka huo huo Smith akakipeleka Brazil. Hata mwisho wa mwaka 1938 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamechanjwa huko. Lakini haifai mwandishi wa habari za maisha ya mtu aeleze mazuri tu. Siku zile chanjo ilichanganywa na maji ya damu ya binadamu ili kirusi kisife. Mwaka 1942 makumi ya maelfu ya askari wa Marekani waliochanjwa walipatwa na ugonjwa wa ini, kwa sababu baadhi ya damu ile ilikuwa na kirusi kingine. Tena huko Brazil, mwaka 1941, watu wengine waliugua ubongo kwa kuwa kirusi kilihamishwa mara nyingi mno kikaanza kubadilika tena. Makosa yote mawili yalitafutwa mpaka mzizi wake. Damu ya binadamu ikaachwa, na ikawekwa sheria ya kutengeneza chanjo kutokana na mbegu moja iliyohifadhiwa, isihamishwe kupita kiasi. Sheria hiyo ya mbegu moja imekuwa kanuni kwa chanjo nyingine pia.

Baina ya mwaka 1940 na 1947 Rockefeller Foundation ilitengeneza chanjo zaidi ya milioni 28 na kuzigawa bila malipo.

Mwaka 1951 Theiler alipewa tuzo ya Nobel ya utabibu, peke yake bila ya kugawana na mtu. Alikuwa mtu wa kwanza mzaliwa wa Afrika kupata tuzo ya Nobel ya aina yo yote. Mtu huyu asiyekuwa na shahada ya udaktari wa chuo kikuu akasimama Stockholm mbele ya wenye shahada zote za dunia.

Sasa tukizipima kazi zake alizoandika, tutasema nini? Hakuandika nyingi kama Noguchi. Lakini tazameni zilivyopangika. Ya mwaka 1926 iliondoa uwongo uliosimama njiani. Ya mwaka 1930 ilitoa chombo. Ya mwaka 1937 ilitoa kinga. Kati ya hizo alieleza pia ugonjwa wa ubongo wa panya aliokutana nao katika kazi yake, ambao hata leo huitwa kwa jina lake na hutumiwa na wataalamu kuchunguza maradhi ya mishipa ya fahamu ya binadamu. Mwaka 1964 alikwenda Chuo Kikuu cha Yale, akastaafu mwaka 1967. Alikufa New Haven tarehe 11 Agosti mwaka 1972. Kitabu chake kikubwa, alichoandika pamoja na Wilbur Downs juu ya virusi vinavyochukuliwa na mbu na kupe, kilitoka mwaka 1973, baada ya yeye kufa.

Lakini makala kubwa kuliko zote haikuandikwa kwa wino. Watu zaidi ya milioni 500 wamechanjwa kwa 17D tangu siku zile. Ile kadi ya manjano ambayo msafiri huonyesha mpakani na katika uwanja wa ndege ni ushahidi wake. Zamani iliaminika kuwa chanjo hiyo hudumu miaka kumi. Tangu mwaka 2016 nchi za dunia zimekubali kuwa sindano moja yatosha kwa maisha yote. Mwaka huo huo homa ya manjano ilipozuka Angola na Kongo, na chanjo ikawa haba, watu wa Kinshasa walipewa sehemu moja ya tano ya kipimo cha kawaida, ikawakinga. Kwetu Uganda homa hii ilizuka kaskazini mwishoni mwa mwaka 2010, na tangu mwaka 2022 watoto wadogo huchanjwa kama wanavyochanjwa surua. Kirusi chenyewe hakijafa. Kingali msituni, kwa kima na mbu, kinangoja watu wazembe.

Na sasa nalirudia lile jina. Kila sindano ya 17D iliyopata kudungwa, Brazil au Kinshasa au katika zahanati ya tarafa yangu, inatokana na damu ya Asibi, kijana wa Kpeve. Yeye hakwenda Stockholm. Hakuandika makala hata moja. Theiler alikuwa na akili na subira, Noguchi alikuwa na bidii, Stokes alikuwa na ushujaa, na Asibi alitoa damu. Mimi naona ya kuwa tukisimulia ushindi huu tukamwacha mmoja wao, hesabu yetu haitakuwa sawa.

Wenzangu, baadhi yetu tutakuwa madaktari, wengine walimu, wengine tutarudi kwa ng'ombe wa babu zetu. Katika mijadala yetu ya jioni husikia tukimsifu mtu kwa wingi wa maneno yake. Mnapomsifu mtu kesho, mwulizeni kwanza amepima nini, na alipokosea amesahihishaje. Nanyi mliokwisha maliza hapa mkawa na kazi mjini, mkipata nafasi ya kumchukua mdogo wenu zahanati akachanjwe, msikawie. Mimi nilipokuwa nyumbani nilitazama mkono wangu wa kushoto mahali walipodunga. Sikuona alama yo yote. Chanjo hii haiachi kovu. Mama yangu ndiye aliyenionyesha kadi, ameiweka ndani ya Biblia, na tarehe yake ingali yasomeka.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho